Mwacheni Mjiolojia Alambe Jiwe Lake

Kila mjiolojia wa nchi hii amewahi kuulizwa swali lilelile na mpita njia aliyemkuta akigonga mwamba kwa nyundo kando ya barabara: "Dhahabu ipo?" Akijibu kwamba haipo, kwamba anachokichunguza ni mwamba wa kijivu uliopikwa chini ya milima iliyokwisha kulika na kutoweka zamani sana, muulizaji huguna, hutikisa kichwa na kwenda zake. Jioni habari inafika kijiweni. Kuna msomi kaja na gari la serikali, analipwa posho, na kutwa nzima kainama anapiga picha mawe yasiyouzika, tena kila jiwe kalilazia nyundo yake juu kabla ya kulipiga picha. Watu wanacheka mpaka machozi.

Ningekuwa radhi kuyaacha maneno ya kijiweni yabaki kijiweni, lakini yamepanda ngazi. Mzazi humruhusu mwanawe asome jiolojia kwa kuwa migodi inalipa, na akisikia kijana ameandika tasnifu yake kuhusu majivu ya volkano, anaona ada imepotea. Kwenye hotuba, mawe ya Tanzania ni dhahabu, almasi, tanzanaiti na, siku hizi, kinywe. Yaliyobaki ni kokoto. Hata watu waliosoma sana huwasimulia wajiolojia kama kundi la watu wazima waliosahau kuacha mchezo wa utotoni. Chini ya vicheko hivyo kuna imani kwamba jiwe lina thamani pale tu linapokuwa na bei, na kwamba mtu anayelipenda jiwe lisilo na bei ana kasoro. Imani hiyo ni potofu. Imetunyima watu wa kututazamia ardhi yetu, na imetufanya tuwacheke wachache waliojitolea kuitazama.

Nianze na vichekesho vyenyewe, kwa sababu ni vya kweli na sina haja ya kuvificha. Wajiolojia hulamba mawe. Mwaka 2023 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hupewa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, ilimwendea Jan Zalasiewicz wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kwa kueleza kwa nini wanasayansi wengi hupenda kulamba mawe. Katika maandishi yake alimkumbuka Giovanni Arduino, Mwitalia wa karne ya 18, aliyeonja miamba na kuandika ladha zake. Kwa ulimi wake Arduino alikuwa akifanya kazi ambayo leo tunaiachia maabara. Jiwe kavu lina vumbi na mikwaruzo inayotawanya mwanga. Likilowa, rangi hujitokeza na chembe za madini huonekana mipaka yake. Chumvi ya mawe hutambulika kwa ladha papo hapo. Na ukitaka kujua kama tope lililoganda ni udongo wa mfinyanzi mtupu au limechanganyika na chembe nyembamba za mchanga, ling'ate kidogo: mfinyanzi mtupu huteleza kati ya meno, wenye chembe hukwaruza. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala bajeti, na kinafanya kazi juu ya mlima wowote.

Sasa nendeni sokoni. Mama anayenunua magadi ya kulainishia makande huchukua kipande, hukigusa kwa ncha ya ulimi, na anajua kama ni magadi safi au yamejaa mchanga. Mjamzito anayechagua udongo wa pemba anajua kwa meno yake upi laini na upi wa kumrudishia muuzaji. Hakuna anayewacheka. Tunasema wanajua kuchagua. Kitendo ni kilekile, ujuzi ni uleule, na ulimi ni uleule. Ila mmoja ana kapu na mwingine ana nyundo, basi wa nyundo tunamwita mwendawazimu.

Na kabla ya soko, kulikuwa na jiko. Bibi zetu hawakuokota mafiga ovyo. Jiwe lililotolewa mtoni, lenye maji ndani ya nyufa zake, likiwekwa motoni hupasuka, likapindua chungu na kuwaumiza watoto waliokizunguka. Jiwe la kusagia nalo lina masharti yake: liwe gumu, liwe na chembe zinazokwaruza, lisiwe linalomeguka na kuingiza mchanga kwenye unga. Likisagia mpaka likawa laini, hugongwagongwa upya ili likwaruze tena. Aliyepata jiwe la namna hiyo alilitunza, na mara nyingi lilirithiwa. Bibi huyo hakujua majina ya madini yaliyomo, lakini alikuwa na jiwe alipendalo, na angeweza kukueleza sababu. Anayemcheka mjiolojia kwa kuwa na jiwe alipendalo anamcheka na bibi yake.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanakuwa mazito. Huko Oldupai, karibu miaka milioni 2 iliyopita, viumbe waliotutangulia walikuwa wakichagua mawe. Walitumia kwazaiti ya kilima cha Naibor Soit, na fonolaiti ya Engelosin, wakayabeba mpaka walikokuwa wakichinja na kuchuna. Kule Kanjera Kusini, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, watafiti wameonyesha kwamba miaka milioni 2 iliyopita mawe ya zana yalisafirishwa kwa zaidi ya kilomita 10, ilhali yalikuwapo mawe mengine karibu zaidi. Yale ya mbali yalikuwa magumu na yalishika makali. Kabla hakujawa na moto jikoni, kabla hakujawa na lugha kama hizi tunazozungumza, palikuwa na mtu, au kiumbe aliyekaribia kuwa mtu, aliyesimama mbele ya mawe mawili na kusema kwa vitendo kwamba hili ni bora kuliko lile. Kazi ya kupenda mawe ni ya zamani kuliko kilimo na kuliko biashara. Bei imeingia juzi tu.

Wale wa Ulaya waliojenga sayansi hii nao walikuwa na mapenzi ya wazi wazi. James Hutton wa Edinburgh, aliyetufundisha kwamba umri wa dunia hauhesabiki kwa maelfu ya miaka, anasimuliwa kuwa aliwaomba wavunja mawe wa Salisbury Crags wasiuguse mwamba mmoja wenye mshipa wa chuma, na mwamba huo upo mpaka leo ukiitwa kwa jina lake. William Buckland wa Oxford alikuwa na meza iliyopambwa kwa vinyesi vya kale vilivyogeuka mawe, vimekatwa na kung'arishwa, na wageni walioisifu hawakujua wanasifu nini. Mnacheka? Chekeni. Lakini ndani ya mawe ya aina hiyo, ambayo Mary Anning wa Lyme Regis aliyaona tumboni mwa mabaki ya wanyama wa bahari ya kale, mlikuwa na mifupa na magamba ya samaki, na kwa njia hiyo watu wakajua kwa mara ya kwanza mnyama aliyekwisha kutoweka alikuwa akila nini. Huwezi kulijua hilo kama umeshaamua kwamba jiwe la namna hiyo halistahili kuguswa.

Kisa kingine cha kinyesi ni cha kwetu. Mwaka 1976, huko Laetoli, wanasayansi waliotembelea kambi ya Mary Leakey walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kama watoto wa shule. Andrew Hill, katika kukwepa, akaanguka, na uso ukiwa karibu na ardhi akaona katika majivu ya volkano yaliyoganda alama za nyayo za wanyama na za matone ya mvua. Miaka miwili baadaye, katika majivu hayohayo, zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Mwamba uliozihifadhi ni tufu ya kijivu. Hakuna broka wa Arusha atakayekupa shilingi kwa kilo yake. Hill alijua ni kitu gani kile kwa sababu alikuwa mtu wa kutazama ardhi hata akiwa ameanguka.

Naijua hoja inayokuja hapa. Inasema kwamba hizo ni starehe za nchi tajiri. Sisi tuna shule zisizo na madawati, na kila shilingi ya utafiti wa miamba iende panapopatikana madini ya kuuza. Wanaosema hivi hawana nia mbaya, na madawati ni hoja ya kweli. Ila hawajui hata hayo madini ya kuuza yalipatikanaje.

Tuchukue tanzanaiti, fahari yao kubwa. Mwaka 1967 mawe ya buluu yaliokotwa katika vilima vya Mererani, na serikali yetu inamtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi. Mwanzoni hakuna aliyejua kwa hakika ni mawe gani. Wapo waliodhani ni yakuti. Yalipochunguzwa, yakaonekana kuwa ni zoisaiti. Na zoisaiti ilikuwa ikijulikana tangu mwaka 1805, kutoka mlima Saualpe huko Austria, ikabeba jina la Sigmund Zois, tajiri wa Ljubljana aliyependa mawe kiasi cha kuwalipa watu wamtafutie. Lilikuwa jiwe la kijivu, halina mng'ao wa kumvutia sonara. Kwa zaidi ya miaka 160 waliolijali walikuwa wakusanyaji na walimu wa madini, watu wa aina ileile tunayoicheka. Walilipima, wakaliandika, wakalihifadhi kabatini. Tiffany ya New York ilipolipa jiwe la Mererani jina la tanzanaiti mwaka 1968, ilikuwa ikitoa jina la kibiashara kwa kitu ambacho wapenda mawe yasiyouzika walikuwa wamekwisha kukieleza.

Nendeni Mererani kwenyewe mkawatazame wanaapolo, wachimbaji wadogo wa huko. Hao hawaifuati buluu, kwa sababu buluu haionekani mpaka mgodi uteme, na mengi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, yakachomwa ndipo yakawa ya buluu. Wanafuata tabaka za mwamba mweusi wa kinywe. Wanaujua kwa kuushika, kwa jinsi unavyopaka mikono, kwa namna ulivyokunjika. Mtu wa shimoni halicheki jiwe la kando ya lile analolitafuta.

Hoja hii ina nguvu, na mwandishi mwingine angeishia hapa: wapendeni wajiolojia, kwa maana mapenzi yao huleta fedha. Mimi siishii hapa, kwa kuwa utetezi huo unamrudisha mjiolojia kwenye mzani uleule. Nikisema mwamba wa kijivu uheshimiwe kwa kuwa siku moja unaweza kuwa tanzanaiti, nimekubali kwamba ile miamba ambayo haitakuwa tanzanaiti kamwe, yaani karibu miamba yote ya nchi hii, inastahili dharau. Sikubali. Nataka kuutetea mwamba ambao hauna bei, haujawahi kuwa nayo na hautakuwa nayo.

Upo mmoja, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Upo juu ya Ol Doinyo Lengai.

Mlima huo, kusini mwa Ziwa Natron, una urefu wa karibu mita 2,960, na ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonataiti, yaani ya kaboneti, yenye magadi mengi. Lava ya kawaida, ile ya Hawaii au ya Nyiragongo, huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi, nyekundu kama kaa la moto. Ya Lengai ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana haionekani kuwaka. Ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, inatiririka kwa wepesi wa maji, na wekundu wake hafifu huonekana usiku. Ikipoa, hunyonya unyevu wa hewa, na katika muda wa siku chache tu ule weusi unageuka kuwa weupe. Ndiyo maana kilele cha mlima huonekana cheupe kutoka mbali, na mgeni hudhani ni theluji.

Kabla ya watu kuielewa lava hiyo, wajiolojia walikuwa wamegombana kwa miongo. Mwaka 1921 W. C. Brøgger, Mnorwe, aliandika kuhusu eneo la Fen nchini kwake, akasema kwamba miamba fulani ya kaboneti pale, ambayo kwa macho inafanana na chokaa au marumaru, ilitoka chini ikiwa imeyeyuka. Wakubwa wa wakati huo hawakumkubali. Reginald Daly wa Harvard alishikilia kwamba ni mawe ya chokaa ya kawaida yaliyomezwa na magma nyingine. Ilionekana haiwezekani kaboneti iyeyuke na kutiririka ardhini. Kisha mwaka 1960 J. B. Dawson, mjiolojia wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, akateremka ndani ya kasoko ya Lengai na kuiona ikitiririka. Katika mwaka huohuo watafiti Wyllie na Tuttle, huko Pennsylvania, walionyesha maabara kwamba kukiwa na maji, kaboneti huyeyuka kwa joto la wastani. Matokeo ya Dawson yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1962, na ubishi mkubwa ukaisha.

Wapo wanaodai kwamba mwanasayansi hapaswi kuwa na jiwe alipendalo, eti mapenzi hupotosha macho. Someni tena ugomvi huo. Waliopotoka walikuwa wamependa nadharia, wakaona mwamba unaoipinga ni lazima uwe na maelezo mengine. Brøgger alikuwa ameukodolea macho mwamba wenyewe. Anayependa jiwe halitaki liwe kitu kingine. Anataka kujua lilivyo, hata likimwaibisha mbele ya wenzake. Sijui njia nyingine ya kulipata jambo ambalo kila mtu mwenye cheo amesema haliwezekani.

Katika lava ya Lengai yamo madini mawili yaliyopewa majina mapya. Moja ni gregoriaiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, aliyelieleza Bonde la Ufa. Jingine ni nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Watanzania wangapi wanalijua hilo? Tanzanaiti tunaiweka kwenye mabango ya viwanja vya ndege, tumeizungushia ukuta wa kilomita 24 uliozinduliwa mwaka 2018, na jina lake lilitungwa na duka la vito la Marekani ili liuzike. Jina la mtu aliyetuongoza kwenye uhuru limekaa kwenye madini ambayo hayawezi kuvaliwa kidoleni, hayahimili mvua, na ukiyaacha kwenye hewa yenye unyevu yanaharibika na kuwa unga. Waliolitoa jina hilo katika miaka ya 1960 walikuwa watu waliopenda jiwe lisilo na faida. Walichagua kitu adimu walichokuwa nacho mikononi, wakampa mkuu wa taifa changa. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko kito chochote, na inanikera kwamba mtoto anamaliza shule Arusha, akiishi mwendo wa saa chache tu kutoka mlimani, bila kuisikia.

Mtaniambia: sawa, ni hadithi nzuri, lakini hadithi haituhusu. Inatuhusu mpaka kwenye meno. Miamba ya volkano za kaskazini, ikiwemo nefelinaiti ambayo hakuna anayeinunua, ina floridi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huibeba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Visima na chemchemi nyingi za Arumeru na maeneo jirani vimezidi kiasi hicho, vingine kwa mbali mno. Tazameni meno ya kahawia ya watu waliokulia huko, na mifupa iliyopinda ya baadhi ya watoto. Hata yale magadi ya makande, yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, yanaweza kuwa na floridi. Kwa miaka mingi meno hayo yalitaniwa, na mwenye nayo akafunika mdomo kwa mkono anapocheka. Jibu lilikuwa ndani ya mwamba. Ili kujua kisima kipi kichimbwe na kipi kiachwe, inabidi awepo mtu anayejua mwamba upi uko chini, umekaa vipi, na maji yanapita wapi. Mtu huyo hapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili. Ni yule aliyekuwa akiupiga picha ule mwamba wa kijivu, nyundo ikiwa juu yake ili atakayeitazama picha ajue ukubwa wake, wakati sisi tunapita na gari tukicheka.

Na Hanang? Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, na familia nyingine zikabaki bila nyumba. Hanang ni volkano ya zamani. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikamomonyoka na kuteremka. Miamba dhaifu: maneno hayo mawili yalisomwa redioni, yakapita. Lakini yabebeni kwa uzito wake. Mwamba uliochakaa, uliooza kwa maji na jua, usiofaa hata kwa kokoto, ndio ulioua. Ambaye angeweza kueleza kwa undani uchakavu wake, mteremko gani umebakiwa na miamba kama hiyo, na mkondo gani utafuatwa na tope la kesho, ni mtu aliyeujali mwamba huo kabla haujaua. Sina haki ya kudai kwamba mjiolojia mmoja angeliwaokoa waliokufa. Nadai kwamba nchi yenye Meru, Hanang, Rungwe na Lengai, yenye mamilioni ya watu wanaolima miteremko yake yenye rutuba, haiwezi kuwatazama wajiolojia wake kama watafutaji wa dhahabu walioshindwa.

Hapo wapinzani wangu hulegea, kisha hushika ngome ya mwisho. Basi wafanye kazi hiyo, wanasema, lakini mapenzi ya nini? Daktari hapendi malaria, anaitibu tu. Jibu langu ni muda. Mjiolojia Richard Hay alirudi Oldupai mwaka baada ya mwaka kuyafuatilia matabaka ya tufu, akiunganisha tabaka la upande huu wa korongo na la upande ule, hadi alipochapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1976. Bila matabaka hayo kupangwa, mafuvu ya Oldupai yangekuwa mifupa isiyo na tarehe. Dawson aliyeteremka kasokoni mwaka 1960 alikuwa bado anaandika kuhusu volkano za kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008, kitabu kizima. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Hakuna mshahara unaomfanya mtu aurudie mlima uleule karibu nusu karne, apande usiku kwenye majivu yanayoteleza, apumue hewa ya salfa, na akirudi nyumbani aanze kupanga safari nyingine. Malaria huonekana kwa siku. Ardhi huonekana kwa maisha ya mtu mzima. Anayeitazama kwa muda huo wote lazima aipende, vinginevyo ataacha njiani, na kazi itabaki nusu.

Ndiyo maana ninataka vijana wetu waruhusiwe kuwa na jiwe wanalolipenda bila kuomba radhi kwa ajili yake. Anayependa matale ya Mwanza, yale mawe makubwa yaliyobebana ziwani, aachwe aeleze kwa saa nzima jinsi yalivyochongwa na maji na jua kutoka kwenye mwamba mmoja. Anayependa matumbawe ya Kilwa aachwe aeleze jinsi jiwe la baharini linavyokatwa likiwa laini na kuwa gumu likikauka, na kwa nini kuta za Msikiti Mkuu bado zimesimama. Wasomi wa vyuo vyetu wapewe fedha za kwenda kwenye miamba isiyo na leseni ya uchimbaji juu yake.

Na kama mnataka pa kuanzia, kuna Igwisi, mkoani Tabora, si mbali na Urambo wala Kaliua. Ni vilima vitatu vidogo ambavyo msafiri hawezi kuvigeukia mara mbili. Mwamba wake ni kimbalaiti, jamii ya ule uliomwezesha John Williamson kupata almasi za Mwadui mwaka 1940. Lakini Igwisi hapana mgodi, wala mtu hajajenga ukuta. Wajiolojia wa dunia wanavijua vilima hivyo kwa sababu nyingine: karibu kimbalaiti zote zinazojulikana zina umri wa mamilioni mengi ya miaka na vilele vyake vimekwisha kulika, ila hii ililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita tu, ikiwa ndiyo changa kuliko zote zinazojulikana, na kasoko zake pamoja na lava yake bado zinaonekana juu ya ardhi. Ndani ya lava hiyo mmo punje za mviringo za olivini zilizobebwa kutoka zaidi ya kilomita 100 chini ya miguu yetu. Watafiti wametoka Ulaya kuja kuvitazama. Mwalimu wa jiografia wa Urambo au Kaliua asisubiri almasi ipatikane ndipo awapeleke wanafunzi wake.